Ng'ombe wa Bega la Kulia

Jumatatu asubuhi mteja mmoja alitaka kujaribu mushanana wa zambarau, lile vazi la harusini linalofungwa begani. Mukasine akainua mkono wa kulia ili autungue kutoka kwenye bomba la juu, na mkono ukagoma ulipofika usawa wa sikio. Akautungua kwa mkono wa kushoto, akamvika mteja, akamfungia pindo begani inavyotakiwa, akamsifia kidogo kuliko alivyostahili, akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi ndani, akaketi kwenye kigoda na kulitazama bega lake kwa jicho la mwajiri.

Duka hilo liko Gatsata, katikati ya mafundi magari, na ndilo linalowavisha kina mama wa upande ule wote wanapokwenda harusini. Nyuma ya duka kuna uwanja mdogo uliosakafiwa, na hapo Mukasine huwafundisha wasichana kucheza kabla hawajaolewa. Ngoma ya kina mama wa Rwanda si ya kiuno. Ni ya mikono: unaiinua yote miwili juu ya kichwa, unaipinda kidogo, na hapo umeshakuwa ng'ombe mwenye pembe ndefu. Kinachobaki ni kutembea taratibu kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote.

Sherehe ya kumposa Umulisa, binti yake wa pekee, ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ingefanyika Rebero, kwenye bustani yenye mahema meupe, mbele ya ukoo mzima wa Ganza, mchumba wake. Mukasine alikuwa amewafundisha nusu ya mabibi harusi wa Gatsata kuinua mikono, na tangu Umulisa aanze kutembea alikuwa akiingoja siku hiyo acheze mwenyewe. Hakuwa tayari kwenda Rebero kuwa ng'ombe wa pembe moja mbele ya wakwe.

Maumivu yenyewe yalikuwa na ratiba. Yalikuja alfajiri, yakaondoka. Yalirudi jua likizama, yakaondoka giza likishika. Mchana kutwa bega lilikaa kimya. Mukasine alilikanda kwa maji ya moto, akalipaka dawa ya kuchua iliyonuka duka zima, akameza vidonge vya famasi, na bega likapokea yote hayo bila hata asante. Ikafika jioni moja akashindwa kujifunga kitenge. Umulisa, ambaye anafanya kazi wizarani na hana subira na wagonjwa wakaidi, akamwambia, "Mama, kesho tunaenda Kacyiru. Na habari ya maji ya moto sitaki kuisikia."

Kliniki ya Kacyiru ilianza na eksirei. Eksirei ikaonyesha kitu cheupe juu ya mfupa wa bega, ukubwa wa punje ya harage. Daktari wa picha, mwanamke wa makamo aitwaye Flaviana, aliinuka kitini kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Karagwe, mama."

Mukasine naye alizaliwa Karagwe, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na huko ndiko alikokulia na kuolewa. Wakaulizana vilima, makanisa na watu waliokufa, huku foleni ikikohoa nje ya mlango. Waliporidhika ndipo daktari akarudi kwenye bega. Alieleza kwamba wakati mwingine kano, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, hukusanya kalsiamu ikaganda ndani yake kama chokaa. Eksirei ilikuwa imeshasema kalsiamu ipo. Sasa alitaka MRI imwambie imekaa wapi hasa, na kama kano limechanika.

Fundi wa mashine alikuwa Kamau, Mkenya mrefu mwenye sauti ya mtangazaji.

"Mama, uko na chuma yoyote kwa mwili? Bangili, pini ya nywele, meno?"

Mukasine akavua hereni na pete ya ndoa. Kamau akamlaza chali, akamfunika bega kwa kikombe kikubwa cha plastiki, akamvalisha vizuia-kelele masikioni, na kitanda kikamwingiza taratibu ndani ya tundu la mashine. Mashine ikaanza kugonga. Iligonga kama mafundi bati wa Gatsata wenye kazi ya haraka, na Mukasine, ambaye kwa miaka mingi amelala mchana katikati ya kelele hizo, akaanza kusinzia.

"Mama, umetikisika," Kamau alisema kwenye spika.

"Sijatikisika, mwanangu."

"Picha imetoka na ukungu."

"Mimi nimelala kama gogo."

Kamau akaitazama picha tena. "Sawa, si wewe. Ni yeye anacheua."

"Nani?"

"Huyu ng'ombe. Tumpe muda amalize, halafu turudie."

Wakampa muda. Alipomaliza kucheua alitulia vizuri, na picha zilizofuata zilitoka safi.

Ofisini, Flaviana aligeuza kioo cha kompyuta ili mama na binti waone. MRI huukata mwili vipande vyembamba bila kisu, kama mkate wa dukani, na daktari huvipitia kimoja baada ya kingine. Kipande cha kwanza kilikuwa na ncha za pembe. Kikafuata kipaji, kisha macho, kisha mgongo, kisha mkia uliokuwa umeinuliwa kufukuza kitu. Ng'ombe alikuwa mweusi tii.

"Kwenye MRI kalsiamu haitoi ishara yoyote, kwa hiyo inaonekana nyeusi kama tundu," Flaviana alisema. "Ila hata damu ya zamani inaweza kuwa nyeusi, hata hewa. Ndiyo maana naiweka na eksirei pembeni. Huku mweusi, huku mweupe, mahali ni pale pale. Ni kalsiamu, hakuna ubishi."

"Basi iko na mabaka," Kamau alisema kutoka mlangoni.

"Hana mabaka," Mukasine akajibu. "Ni wa rangi ya kahawia iliyoiva. Tazama pembe ya kushoto ilivyopinda ncha. Huyu ni Bihogo."

Flaviana akaandika ripoti yake: kalsiamu katika kano la juu la bega la kulia, umbo la ng'ombe wa pembe ndefu, amesimama, kichwa kimeelekea shingoni mwa mgonjwa, kano halijachanika. Kwenye nafasi ya jina la mgonjwa aliandika Mukasine. Chini yake, kwenye mabano, akaandika Bihogo.

Bihogo alikuwa mtamba ambaye baba yake Mukasine aliwapa yeye na mumewe Sangwa baada ya ndoa, kama ilivyo desturi. Waliporudi Rwanda walirudi naye. Sangwa alimjengea banda nyuma ya nyumba, akamkatia majani na kumkamua kila alfajiri na kila jioni, na nyumba yao haikuwahi kukosa maziwa. Sangwa akafa. Matanga hayajaanuliwa, kaka yake Gakwaya akafika na lori na kamba.

"Shemeji," Gakwaya alisema siku hiyo, kwa upole kabisa, "mwanamke hakamui ng'ombe. Ni mwiko, unajua. Utamwacha afe na kiwele kimejaa?"

Mukasine akaikamata kamba kwa mkono wa kulia. Gakwaya akavuta upande wake, Mukasine akavuta wake, na Bihogo katikati hakujua amfuate nani. Mkono ukapanda na kamba mpaka juu ya kichwa, kitu kikalia begani, vidole vikafunguka vyenyewe. Lori likaenda Nyagatare, kwenye shamba la Gakwaya. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja, na kila Mukasine alipouliza habari za ng'ombe wake aliambiwa kwamba anasalimia.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya kompyuta huko Kacyiru, akimtazama kipande kwa kipande.

"Kumbe sehemu yake ilibaki," alisema, na akafurahi mpaka akacheka peke yake.

Flaviana alimwacha acheke. Kisha akamweleza kinachoweza kufanyika. Angeweza kuingiza sindano, kuivunja kalsiamu, kuiosha kwa maji ya chumvi na kuivuta nje. Mkono ungepanda kabla ya harusi.

"Na Bihogo?"

"Atakuwa kwenye bomba la sindano, mama."

"Basi hapana. Nimeshanyang'anywa mara moja. Mara ya pili siwezi kutia sahihi mwenyewe."

"Mama!" Umulisa aliruka. "Na ngoma utaichezaje?"

Mukasine akalishika bega lake. Alizitaka pembe zote mbili, na alimtaka ng'ombe wake, na machozi yakamlenga kwa sababu kwa mara nyingine alikuwa ameshika kamba inayovutwa huku na huku. Flaviana hakumharakisha. Alirudi kwenye picha, akazipitia upya kutoka pembe hadi mkia, akafika tumboni, akasimama hapo.

"Maumivu yanakuja wakati gani, mama?"

"Alfajiri na jioni. Mchana sina neno."

Flaviana akavua miwani. Alikuwa msichana wa Karagwe kabla hajawa daktari. "Mama, hizo ni saa za kukamua."

Wote wakasogelea kioo. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi chuchu zimetengana kila moja na upande wake. Ng'ombe huyo hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajakamuliwa tangu Sangwa aingie kaburini.

"Lakini kwetu mwanamke hakamui," Mukasine alisema polepole.

"Hata kwetu. Ila waliouweka huo mwiko walikuwa wanazungumzia vidole. Sindano hawakuitaja."

Siku ya kukamua, Flaviana alilitia bega ganzi, akamtafuta Bihogo kwa kile kifaa cha kuwapigia picha wajawazito, akaingiza sindano taratibu chini ya tumbo lake. Umulisa alishika mkono wa kushoto wa mama yake. Kamau alipiga mluzi mwembamba, kwa kuwa ng'ombe hukubali zaidi akiimbiwa. Kilichotoka kwanza kilikuwa kizito kama dawa ya meno, maana kilikuwa kimekaa siku nyingi. Kikafuata kitu chepesi zaidi, kisha kikaja cheupe, cha moto, chenye povu. Bomba la sindano likajaa. Bakuli la chuma likajaa. Wakaleta jagi la chumba cha chai, wakaleta chupa za kutunzia chai, na mama wa usafi akaleta ndoo mpya ambayo haikuwa imegusa maji ya sakafu.

Jioni hiyo kliniki nzima ilikunywa maziwa, wagonjwa kwa wahudumu, wote wameketi, kwa sababu maziwa hayanywewi kwa kusimama. Kamau aliyamimina yake kwenye chai, na wasichana wa mapokezi wakamtazama kwa huruma.

Mukasine akainua mkono. Ukafika sikioni. Ukapita sikio. Ukafika juu ya kichwa, akaupinda kidogo, akainua na wa pili, na akasimama hivyo katikati ya chumba cha matibabu akiwa na pembe zake zote mbili, bandeji begani na kicheko kisichozuilika. Umulisa alilia akasahau kwamba amevaa wanja.

Kwa kuwa ng'ombe hakamuliwi mara moja akasahauliwa, Flaviana alimwachia mrija mwembamba chini ya bega, akamfundisha jinsi ya kuusafisha na kuukamua. Mwanzoni Umulisa ndiye aliyemkamulia kabla ya kwenda wizarani. Kufikia wiki ya pili Mukasine alikuwa akijikamua mwenyewe, alfajiri na jioni, akiwa ameketi kwenye kigoda na redio imewashwa. Maziwa mengine aliyagandisha kwa ajili ya harusi. Mengine wateja waliyanywa wakijaribu nguo, na mishanana ikatoka kwa wingi kuliko mwezi wowote ule.

Claudette, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, alipita kukagua.

"Mama Umulisa, nasikia hapa iko na ng'ombe."

"Iko."

"Iko ndani ama inatembea inje?"

"Iko ndani kabisa. Haitoki."

"Na takataka?"

"Bado sijaona."

"Basi iko sawa. Hapa mjini ng'ombe ikae ndani, ndiyo amri." Akanywa kikombe kimoja, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya sherehe Rebero ilikuwa na jua. Mahema mawili yalitazamana, ukoo wa bibi huku, ukoo wa bwana kule, na katikati majani yaliyokatwa vizuri. Kwenye kiti cha mbele, mahali pa baba wa bibi harusi, aliketi Gakwaya, fimbo mkononi na suti ya kijivu, maana baba mwenyewe alikuwa amekufa na ukoo haukosi mwanamume wa kuketi. Wasemaji wa pande mbili walibishana kwa maneno matamu kama inavyopasa, wakakubaliana kama ilivyotarajiwa, na watu wa Ganza wakaleta mtamba mwekundu wa mahari aliyefungwa utepe shingoni. Mchungaji wa ng'ombe akamwimbia sifa zake. Gakwaya akaenda kumkagua, akampapasa mgongo, akarudi akasema amempenda.

Maziwa yakaandaliwa. Gakwaya alikunywa wa kwanza, kwa heshima ya kiti chake. Akashusha kikombe, akaonja tena, akageuka nyuma alikokaa Mukasine.

"Haya ni maziwa ya Bihogo."

"Ndiyo, shemeji."

"Tangu nifike naye Nyagatare hajanitolea hata tone. Nimeita daktari wa mifugo, nimeita mwingine, nimebadilisha majani. Kumbe anatolea huku."

"Anatolea huku, kwenye bega langu."

Gakwaya alitikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa na anayesamehe. "Ungenipigia simu tu, shemeji." Kisha akaomba aongezewe.

Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamesikia kila neno. Hapakuwa na aliyeshtuka. Mmoja aliuliza kama maziwa ya begani yanaganda vizuri, akajibiwa kwamba yanaganda vizuri sana, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Gakwaya akamaliza kikombe cha pili na kuinua fimbo ili asikilizwe.

"Huyu mtamba wa leo nitaondoka naye mimi," alisema. "Nyumba ya marehemu haina mwanamume, na mnajua mwanamke hakamui ng'ombe."

Povu la maziwa lilikuwa bado kwenye masharubu yake. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kila mmoja na kikombe chake mkononi, kwa sababu lilikuwa jambo linalojulikana.

Ngoma zikaanza jua likielekea kuzama. Kina mama wa Gatsata wakajipanga, Mukasine mbele yao katika mushanana wa rangi ya dhahabu. Akainua mikono yote miwili, bila maumivu, mpaka juu, na shangwe ikapigwa kutoka mahema yote mawili. Alicheza kama alivyojiahidi, taratibu, shingo imenyooka, na alikuwa na furaha tele kwamba mwili wake ulikuwa umemrudia kwa siku hii. Hata wakwe, ambao walikuwa wamekuja wakiwa wamejikausha, walisimama kupiga makofi.

Umulisa akamjia mbio, taji la shanga limekaa upande.

"Mama, baba mkubwa anampakia. Lori liko getini, anampakia kweli. Husemi kitu?"

Mukasine alitazama getini. Mtamba mwekundu alikuwa akipanda ubao wa lori, na Gakwaya akimsukuma kwa nyuma, suti yake ya kijivu imeingia vumbi. Mukasine alikasirika. Ilikuwa hasira ya kweli, ya tangu siku ile ya kamba, na haikupungua hata kidogo kwa kuwa leo alikuwa na furaha. Lakini hakushusha mikono.

"Nitasema kesho," alimwambia binti yake. "Na kesho kutwa nitasema tena. Inua mikono, tucheze."

Umulisa akafuta uso, akainua mikono yake kama alivyofundishwa, akaingia kwenye mstari kando ya mama yake. Lori likawasha taa, likashuka kilima na yule mtamba. Lilipopotea kwenye kona, Mukasine alihisi kitu kidogo kikitua kwenye bega lake la kushoto, kikazunguka mara moja kutafuta mahali, kisha kikasimama imara. Akauinua mkono wa kushoto juu zaidi ili kipate nafasi, na akaendelea kucheza.